Kete Tano za Bi Sikudhani

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi asogee zaidi, maana humu ndani mna swali moja na mimi si mtu wa kurudia.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani binti Mwinyikai, mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi ya watu mia tatu au hitima ya watu mia tano, ulimwita yeye, akaja na sufuria zake na mwiko wake na mdomo wake, na watu wakala wakashiba. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Hemedi, kijana mzuri wa sura na mgumu wa kusikia. Siku moja Hemedi alisema amechoka kukata vitunguu vya dada yake. Anakwenda Stadini, nchi ya mashujaa, akawe mtu. Akaenda. Miaka mitatu ikapita bila salamu wala barua. Kila jioni mama yao alitandika kitanda cha Hemedi, na kila asubuhi alikikuta vilevile, akakaa ukingoni mwake. Sikudhani alivumilia weee, mpaka siku moja akasema basi, yatosha. Akafunga sufuria moja, mwiko mmoja na kunde pishi mbili, akamwambia mama yake, "Nakwenda kumleta. Akikataa namleta hivyohivyo."

Njia aliyopita haina habari. Habari inaanzia langoni mwa Stadini.

Alipoingia tu alimwona bwana mmoja wa makamo, amejifunga panga mbili kiunoni na upanga wa tatu mgongoni, amesimama kando ya lundo la taka lililomfika kifuani. Sikudhani akamsalimu, akaitikiwa vizuri. Kisha akasema, "Samahani kaka, unamjua kijana mmoja anaitwa Hemedi Mwinyikai?"

Yule bwana akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwanamke aliyekuwa akipita alimziba mwanawe masikio kwa viganja viwili. "Jamani! Mchana kweupe!" akasema. "Na watoto wapo!" Kabla Sikudhani hajajua amekosa nini, askari wanne walikwisha mzunguka, wakampeleka kwa Msajili wa Kete, na kosa lake likaandikwa: ameuliza hadharani bila kete.

Msajili huyo, Bwana Fumbwe, alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye shati lisilo na kifungo hata kimoja. Alilishikilia kwa mkono wa kushoto muda wote wa mazungumzo, kwa kuwa Stadini nzima hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kushona kifungo. Alimsogezea mgeni ubao mpana wenye mashimo sitini, na juu ya kila shimo palichongwa jina la stadi moja: Upanga, Mkuki, Uchawi wa Moto, Kunyata, Kusikia, Kuogelea, Kupika, Kufagia, na kuendelea.

"Huku kwetu, bi mkubwa," akasema, "kila mtu mzima hupewa kete ishirini, akazipanga apendavyo. Shimo uliloweka kete, stadi hiyo unayo. Shimo uliloacha tupu, stadi hiyo huna, na ukithubutu kuifanya ni kosa. Na hata ukiwa nayo, kabla ya kutenda unarusha dadu. Ina nyuso ishirini. Namba ya dadu ukiijumlisha na kete zako, ikifika kumi na tano, umeweza. Isipofika, hukuweza."

"Hata kama umekwisha fanya?"

"Hiyo ni mara ya pili unauliza," akasema Msajili kwa upole, akaandika.

Sikudhani akaona heri anyamaze atazame. Watu wa Stadini walikuwa elfu nane. Elfu saba na mia sita kati yao waliweka kete zao zote kwenye Upanga, na wengi wa waliobaki waliweka kwenye Mkuki ili waonekane tofauti. Wafagiaji hawakuwapo, ndiyo maana ya lile lundo. Tabibu alikuwa mmoja, naye alikuwa kitandani akingoja tabibu. Wananchi walikula mihogo mibichi, na walisema inaongeza ushujaa. Ofisi ya Msajili yenyewe ilikuwa haina mlango. Ulianguka mwaka juzi, na mahali pake waliwekwa wale askari wanne wasimame wameshikana mikono.

Pembeni kabisa mwa bao Sikudhani aliona shimo moja limejaa vumbi na utando wa buibui. Akalipuliza. Maandishi yakatokea: Kuuliza.

"Hilo waliliweka wazee wa zamani," akasema Bwana Fumbwe, na uso wake ukaona haya kidogo. "Hatujui kwa nini, na siku hizi hatuna namna ya kujua. Kuuliza ni kutangaza kwamba hujui, na shujaa asiyejua si shujaa. Miaka ishirini na miwili niko kwenye kiti hiki, sijaona mtu akitia kete humo. Weka Upanga, bi mkubwa. Upanga unafaa kila mahali."

"Mimi nimekuja kumtafuta mtu," akasema Sikudhani. "Nikimtafuta kwa upanga nitampata vipande."

Akaweka kete kumi kwenye Kupika, tatu kwenye Kuosha Vyombo, mbili kwenye Kuvumilia Watu, na tano zilizobaki zote akazitia kwenye lile shimo la pembeni. Msajili alizitazama kwa huzuni. Akamgongea muhuri, akamwambia kwamba sasa ni mkazi halali wa Stadini, na mkazi wa ovyo kuliko wote aliopata kuwasajili.

Sikudhani akachukua dadu palepale mezani, akairusha. Kumi na mbili. Na kete zake tano, kumi na saba.

"Hemedi Mwinyikai yuko wapi?"

Bwana Fumbwe akafungua orodha. "Msafara wa nne. Alipanda mlimani miaka miwili na nusu iliyopita. Hajarudi." Akamkazia macho mgeni wake, kwa sababu kujibu kulikuwa kwepesi kuliko alivyodhani na kulimpendeza kidogo. Lakini Sikudhani hakuona hayo. Neno lile "hajarudi" lilimkata maini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya Stadini yalitoka kwenye chemchemi iliyo pangoni, juu ya Mlima Ngata. Miaka tisa nyuma ardhi ilitikisika, na mlango wa chuma uliokuwa mbele ya pango ukajifunga. Tangu hapo maji yalishuka mjini kwa tone tone, na watu walinawa uso kwa zamu. Baraza la Stadi lilikwisha peleka misafara sita kwenda kuufungua, ya watu watano watano, kila msafara na Mwamuzi wake wa kusimamia dadu. Hakuna hata mmoja uliorudi. Na mtu mwingine yeyote asiye wa msafara alikatazwa kukanyaga mlima. Basi kama Sikudhani alimtaka mdogo wake, ilimpasa aingie kwenye msafara wa saba.

Baraza lilikuwa linakaa juma hilohilo kuuchagua, naye akajiandikisha, akaenda kusikiliza. Upande wa kulia ulisema misafara sita ilishindwa kwa sababu ilikuwa na panga chache. Upande wa kushoto ulisema huo ni ujinga. Panga zilitosha, ila zilikuwa fupi. Walibishana siku mbili kwa lugha safi na heshima kubwa. Siku ya tatu mama mmoja wa benchi la nyuma alisimama akasema labda safari hii apelekwe mtu mmoja anayejua kufunga kamba, maana huko ni mlimani. Mzee wa upande wa kulia akamjibu kwamba kamba haijapata kumshinda adui yeyote. Upande wa kushoto ukapiga makofi pia, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa pande hizo kukubaliana mwaka ule.

Wanne wakapatikana. Kiongozi alikuwa Makeke, kete ishirini zote Upanga. Wa pili Tambo, kumi na tisa Upanga na moja Kusikia, jambo lililomfanya aonekane msomi. Wa tatu Bi Mizungu, ishirini Uchawi wa Moto. Wa nne Nyatu, ishirini Kunyata, ambaye wajumbe walimpigia kura bila kumwona. Nafasi ya tano ikawakwamisha: walibaki wapiga upanga wawili, mmoja wa kila upande, na kila upande uliapa heri apite yeyote kuliko mtu wa wenzao. Yeyote aliyekuwa kwenye orodha alikuwa Sikudhani. Akapita kwa kura zote, na pande zote mbili zikapongezana kwa ushindi.

Mwamuzi wao aliitwa Mzee Shauri, mzee mrefu mwenye macho ya mtu anayezuia chafya. Mwamuzi, kwa sheria ya Stadini, hana kete hata moja. Hapigani, hapiki, habebi, na hasemi neno lolote ila kutangaza dadu imesema nini. Sikudhani alimwamkia, "Shikamoo mzee," na mzee akafungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa.

Siku ya kwanza walimpoteza Nyatu, au hawakumpoteza. Hakuna aliyeweza kusema. Alinyata vizuri mno. Ilibidi Sikudhani aache sahani ya tano kando ya jiwe, na ikirudi tupu walijua bado wanaye. Jioni hiyo alihitaji moto wa kuchemsha kunde, Bi Mizungu akakunja mikono ya kanzu na kurusha dadu. Moto ulitoka, tena wa kutisha: ukala kichaka kizima, viota na vyote. Moto mdogo hakuujua. Sikudhani akangoja kichaka kiteketee, akakokota makaa yaliyobaki, akabandika sufuria.

"Chakula kitamu, mama mpishi," akasema Makeke akiramba vidole. "Sikujua kunde zinalainika."

"Mimi nilijua," akasema Tambo.

Siku ya pili walifika kwenye kijito kilichowafika kifundoni. Hakuna aliyekuwa na kete ya Kuogelea, kwa hiyo wakakaa ukingoni tangu asubuhi hadi adhuhuri wakijadili mahali pa kupata daraja. Sikudhani akawatazama, akatazama maji, akaguna. Mwishowe akatangaza anakwenda kuosha vyombo, akarusha dadu yake akafaulu, akaingia kijitoni na sufuria akisugua, akatokea ng'ambo. Kisha akawapigia kelele wamletee sahani. Kubeba sahani hakukuwa na shimo kwenye bao, wala hakukukatazwa. Wakavuka kila mmoja na sahani yake kichwani, wakafika upande wa pili wakiwa na furaha kama watoto, na Makeke akasema huo ndio uongozi.

Jambo lililomsumbua Sikudhani zaidi lilikuwa mlio. Kila Mzee Shauri alipopiga hatua, kitu kilikuwa kikilia ndani ya kanzu yake: kling, kling. Tambo naye aliusikia. Akasimama, akainua kidole, akarusha dadu ya Kusikia. Nne, na kete moja, tano.

"Hujasikia kitu," akatangaza Mzee Shauri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika ndugu.

"Sijasikia kitu," akasema Tambo, wakaendelea na safari. Kling, kling.

Kila walipofika njia panda ilikuwa vilevile. Mzee Shauri alitangulia akasimama kwenye njia mojawapo, akakohoa. Makeke alichomoa upanga, akaurusha juu, na walifuata upande ulikoangukia. Walikizunguka kichuguu kimoja mara tatu. Mara ya kwanza Sikudhani alipochukua dadu yake ili aulize, Makeke alimshika mkono. "Katika msafara wangu hatuulizi, mama mpishi. Tunajua." Na amri ya kiongozi njiani ni sheria. Hata zile kete mbili za Kuvumilia Watu zilikuwa zimekwisha tangu siku ya pili. Kuanzia hapo mwanamke huyu alivumilia kwa mtaji wake mwenyewe.

Siku ya tano waliona moshi, wakaufuata, ndipo wakafika.

Mlango wa chuma ulikuwa pale, mpana, umekwaruzwa toka juu hadi chini. Mbele yake palikuwa na kijiji kizima. Vibanda thelathini, uwanja wa mazoezi, na baraza dogo lenye upande wa kulia na upande wa kushoto. Misafara yote sita ilikuwa hai, salama salimini, ikila mizizi mibichi. Watu walikuwa wamepanga foleni. Mmoja mmoja aliurukia mlango, akaupiga kwa nguvu zake zote, akarudi nyuma ya foleni. Kila pigo lilifaulu, maana mwenye kete ishirini za Upanga hakosi kamwe. Mlango ulipigwa vizuri sana kila siku kwa miaka tisa.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Hemedi.

Sikudhani aliangusha kila alichobeba, akamkimbilia, akamkumbatia mpaka upanga ukamchoma ubavu. Alilia, akacheka, kisha akamzaba kofi.

"We Hemedi! Miaka mitatu! Mama anakutandikia kitanda kila siku ya Mungu!"

"Dada," akasema Hemedi, macho chini. Alikuwa amekonda, na ndevu zimemwota shaghalabaghala. "Dada, nisamehe."

"Nitakusamehe nyumbani. Chukua vitu vyako twende."

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu gani?"

Kijiji kizima kikageuka kuziba masikio. Hemedi akamvuta pembeni. "Ukirudi bila kuufungua mlango unanyang'anywa kete zote ishirini. Wote hapa ni hivyohivyo. Nikirudi sina upanga, sina stadi, nitarudi niwe nani?"

"Utarudi uwe Hemedi!"

"Huyo ndiye aliyekuwa anakata vitunguu," akasema mdogo wake taratibu, akarudi kwenye foleni.

Sikudhani alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amembeba kijana yule mgongoni, amemfundisha kutembea. Sasa yuko hatua ishirini kutoka kwake na hawezi kumfikia. Kama mlango haufunguki Hemedi hatoki, na mama atatandika kitanda kile mpaka afe. Hapo ndipo mwanamke akakasirika sawasawa. Na akikasirika yeye hupika.

Makeke na Tambo walikwisha ingia kwenye foleni, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwamrisha. Bi Mizungu akateketeza kichaka kingine, kunde zikabandikwa, harufu ikaenea. Ndipo Sikudhani, akikoroga, akaona gogo refu kando ya mlango. Juu yake walikaa wazee sita kwa safu, wamekunja mikono magotini, na Mzee Shauri alikuwa akijibanza kuwa wa saba. Waamuzi wote wa misafara yote. Wakasogeana kumpa nafasi, na walipojisogeza, kanzu zote zikalia. Kling, kling, kling.

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

Sikudhani akafuta mikono, akachukua dadu, akawaendea. Wazee saba wakamwona na dadu mkononi. Mmoja akamshika mwenziwe mkono.

"Mama mpishi!" Makeke akapiga kelele kutoka kwenye foleni. "Nimesema hatuulizi!"

"Ngoja zamu yako upige mlango!" akamjibu bila kugeuka.

Alitaka kurusha, akasita. Kete zake zilikuwa tano. Dadu ikileta tisa au chini yake, basi tena, na sheria ilimpa kila mtu mrusho mmoja wa Kuuliza kwa siku. Akaitazama dadu. Akatazama wazee wale, koo zao zinapanda na kushuka. Akarudi kwenye sufuria, akanyoosha mkono juu ya mvuke, na vidole vikafunguka.

"Ala!" akasema. "Imeponyoka."

Dadu ikazama kwenye kunde zinazochemka. Waamuzi saba wakainamiana vichwa. Kesi za Stadini huchukua mwaka, na rufaa miaka miwili. Hii ilichukua muda wa kupenga kamasi. Mzee Shauri akasimama.

"Dadu imerushwa," akatangaza. "Namba haionekani. Waamuzi kwa kauli moja wanaona kuwa ni ishirini."

"Basi wazee wangu," akasema Sikudhani, "mlango huu unafunguliwaje?"

Wote saba walijibu kwa pamoja. Walisema kwa fujo, wakikatizana, wakirushiana mate, wazee wazima wenye mvi, na machozi yakiwatoka. Ilichukua muda kuelewa kitu. Mwishowe Mzee Shauri akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa ufunguo wa chuma uliofungwa kwa uzi shingoni. Na wenzake sita wakatoa wa kwao.

"Kila Mwamuzi hupewa mmoja siku ya kuondoka," akasema. "Sheria inasema Mwamuzi atamjibu anayeuliza, wala asimwambie asiyeuliza. Mwenzangu huyu wa msafara wa kwanza amekaa na ufunguo huu miaka tisa, mwanangu. Tulikohoa. Tulifanya kila tulichoweza."

Foleni ilikuwa imekatika. Mashujaa thelathini na wenzao watatu walisimama midomo wazi. Wa nne, Nyatu, bila shaka alikuwapo.

Sikudhani hakuuchukua ufunguo. Alimwita Hemedi, akauweka mkononi mwake. Kijana akasogea mlangoni, akakitafuta kitundu chini ya makwaruzo ya miaka tisa, akazungusha. Mlango ukafunguka bila hata kulia. Maji yakatoka kwa kishindo, yakawalowesha wote, yakalichukua baraza dogo na upande wake wa kulia na wa kushoto, yakateremka mlimani. Hemedi alisimama katikati yake akitazama upanga wake, kisha akakaa majini akalia kwa sauti, na dada yake akakaa naye.

Siku walipoteremka mjini palipigwa vigelegele, na Stadini nzima ilioga mara mbili. Baraza likaitishwa kujadili fundisho la jambo lile. Safari hii hawakubishana hata saa moja. Walitangaza kwamba stadi inayofaa kila mahali imepatikana, na ofisi ya Bwana Fumbwe ikafurika watu wakitaka kuhamisha kete zao. Hadi mwisho wa juma, watu elfu saba na mia sita walikuwa na kete ishirini kwenye Kuuliza. Mji ukajaa maswali kila kona. Nani atafagia? Nani atashona? Tabibu yuko wapi? Waliulizana kwa ufasaha mkubwa, kila swali lilifaulu, na hapakuwa na shimo la Kujibu kwenye bao. Waamuzi nao walistaafishwa kwa heshima, kwa kuwa hawakuhitajika tena. Mzee Shauri alionekana siku hizo barazani kwake, amezungukwa na umati unaomuuliza kwa pamoja, na kila akifungua mdomo anaulizwa jingine. Yule mama wa benchi la nyuma alikuwa bado anasema juu ya kamba.

Sikudhani hakungoja. Alirudisha kete zake kwa Msajili, akamshonea vifungo vinne bila ruhusa ya mtu, akaondoka na mdogo wake.

Walitembea siku mbili. Hemedi alitangulia mbele, kifua wazi, akijua kila kitu kama zamani. Siku ya tatu wakafika njia panda ya njia tatu. Hemedi akasimama. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta upanga wa kurusha, ukakuta mshipi mtupu, maana upanga aliuacha kule. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Nyuma yake Sikudhani alisimama na sufuria kichwani, midomo ameibana, na hakukohoa hata kidogo. Kama angemwonyesha sasa, angekuwa anamwonyesha mpaka siku ya kufa.

Hemedi akakuna shingo.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "eti njia ni ipi?"

Sikudhani akatua sufuria chini. Alimtazama kijana yule tangu unyayo hadi utosi, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile Hemedi alipoondoka nyumbani.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilipokuja nilimuuliza yule mama pale."

Shambani kando ya njia palikuwa na mwanamke akipalilia mihogo. Hemedi akavuka mtaro, akavua kofia, akamwamkia. Yule mama akaliweka jembe chini, akaitikia, akamwelekeza.